Kijiti Nilichokiweka Mimi

Kapinga, mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda mtaa wa Panda kuwaaga wenzako, na kwa jinsi ninavyokujua hutarudi kabla jua halijaanza kushuka. Nimekaa kwenye meza yako. Nimechukua daftari lako jipya bila kukuomba, nikatoa kurasa za katikati polepole ili lisiachie uzi. Basi lako ni kesho asubuhi. Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za kuficha simu sokoni, wala za wanaume. Hayo umeyasikia wiki nzima, mpaka umeanza kunimalizia sentensi kabla sijafika mwisho. Ninaandika jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote kwa miaka kumi na tisa, na ambalo ni lazima ulijue kabla hujaweka mguu katika nyumba ya Papa Ramazani.

Wewe unamjua kama rafiki wa zamani wa nyumba yetu, fundi aliyefanya kazi pamoja nami kiwandani, mwenye vidole viwili tu katika mkono wa kulia. Unajua kwamba yeye na mke wake, Mama Zaina, wamekupa chumba kwao Lubumbashi, na kwamba bila chumba hicho nisingeweza kukupeleka chuo kikuu mwaka huu. Na unajua, kwa sababu mimi ndiye niliyekwambia, kwamba vidole vile alivipoteza kwa uzembe wake mwenyewe.

Hilo la mwisho si kweli. Vidole vile nilivikata mimi.

Nimeandika sentensi hiyo na nimelazimika kusimama, nikaenda jikoni, nikafunika sufuria ambayo ilikuwa imefunikwa tayari. Sasa nimerudi. Ngoja nianze na karatasi yako ya masomo, kwa sababu huko ndiko ninakoweza kusema bila kuinuka tena.

Juzi uliniachia karatasi hiyo ukasema, “Maman, angalia kama kuko hata kintu kimoja unaelewa.” Ulikuwa unanitania. Nimeisoma mara nne. Somo la tatu, usanifu wa mantiki ya kidijitali, ninalijua karibu nusu yake, ingawa nilijifunza kwa vyombo vingine kabisa. Profesa ataanza na mambo mawili tu, ndiyo na hapana, na atayaandika kama moja na sifuri. Wengi darasani watacheka kwamba ni rahisi. Kisha atawapa malango. Lango la kwanza linafunguka pale tu pande zote mbili zinaposema ndiyo. La pili linatosheka na upande mmoja. La tatu linageuza: ulipe ndiyo, litakurudishia hapana. Kwa Kifaransa atayaita ET, OU na NON. Halafu atawaambia mchore jedwali la ukweli, mstari kwa mstari, kila hali inayoweza kutokea. Hapo ndipo watu huanza kuruka mistari.

Mimi nilichora jedwali langu la kwanza kwa masista, katika shule ya ufundi, tulipokuwa wasichana wanne kati ya wavulana thelathini. Sista wa umeme alikuwa akipita nyuma yetu na penseli nyekundu.

“Ntumba, mstari wa nane uko wapi?”

“Sista, ule hauwezi kutokea.”

“Nani amekwambia? Mashine ilikuandikia barua? Uandike.”

Nikauandika. Nilikuwa mwanafunzi wa kuandika kila kitu. Babu yako, aliyeletwa kutoka Kasai akiwa kijana kuja kuchimba shaba, hakujua kusoma, na jioni alikuwa akifungua madaftari yangu kutazama tu jinsi mistari ilivyonyooka. Yalipitishwa darasani kama mfano. Hakuna neno lililofutwa. Wenzangu hawakujua kwamba nilipokosea nilichana ukurasa mzima na kunakili upya, hata kama ulikuwa umebaki mstari mmoja tu. Nilijivunia sana. Leo naona nilikuwa nikijizoeza kitu kibaya tangu utoto. Nilikuwa najifundisha kwamba kosa halipo, mradi ukurasa wake haupo.

Nilipopata diploma nilichukuliwa katika kiwanda cha kusaga mawe ya shaba, upande wa njia ya Kambove. Kilishafungwa zamani. Kazi yangu ilikuwa katika chumba cha kuendesha mikanda, yaani zile tepe pana za mpira zinazobeba mawe kutoka mashine moja hadi nyingine. Mbele yangu nilikuwa na vitufe na taa za kijani na nyekundu, na nyuma yangu kabati refu lililojaa rilei. Rilei ndiyo lango la zamani, Kapinga. Kabla ya chipu zako zinazoweza kukaa juu ya ukucha, lango lilikuwa kisanduku cha ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye sumaku ya umeme ndani na ulimi wa chuma unaovutwa. Ulimi ukivutwa, ndiyo. Ukiachiwa, hapana. Ungefungua kabati lile wakati mikanda inaanza, ungesikia mashine inafikiri: tak, tak-tak, tak.

Fundi wa kabati hilo alikuwa Ramazani. Wazee wake walikuja kutoka mashariki, watu wa malori na maduka. Yeye peke yake alipenda waya. Tulitaniana kutoka asubuhi mpaka kengele ya kutoka.

“Weye Mukasai,” alikuwa akiniambia, “unaandika sana. Siku moja kitabu kitajaa, utaandika mpaka ku ukuta.”

“Na weye, juu ya nini kila waya unatia nyeusi? Rangi zingine zilikufanyia nini?”

“Nyeusi haionyeshe uchafu, Dada Ntumba. Uliza bibi yangu juu ya mashati yangu.”

Mkanda wa pili ulikuwa mbaya. Mawe yalikwama kwenye gurudumu lake la mwisho, na watu walikuwa wamezoea kuyatoa kwa mkono. Ramazani aliona siku moja mtu angeumia. Akatengeneza kifuniko cha bati, akaweka swichi kwenye bawaba zake, na kuiunganisha na rilei ya peke yake. Lilikuwa lango la kwanza lile nililokuelezea: mkanda utembee ikiwa kitufe kimebonyezwa na kifuniko kimefungwa. Kifuniko kikiwa wazi, hata ungebonyeza mpaka kidole kiume, mkanda hautembei. Siku aliyomaliza aliniita nishuke nione, akakifungua kifuniko, akaniambia nimwambie mwenzangu aliyebaki juu abonyeze. Mkanda ukakaa kimya. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akanitazama kama mtoto aliyefaulu mtihani.

“Unaona? Sasa muntu anaweza kutia mukono bila kuombea roho yake kwanza.”

Umeme wetu unaujua. Wakati ule pia ulikuwa ukishuka asubuhi na jioni, balbu zikawa nyekundu kama macho ya mtu mwenye homa. Umeme ukishuka, sumaku inakosa nguvu, ulimi wa rilei unatetemeka na kuachia. Rilei ya kifuniko ilikuwa dhaifu kuliko zote. Ilisema kifuniko kiko wazi wakati kilikuwa kimefungwa, mkanda ukasimama, mawe yakarundikana, na mkuu wa zamu akaanza kupiga kelele katika simu. Kiwandani dawa ilikuwa moja na kila mtu aliijua. Unachukua kijiti cha kiberiti, unakisukuma nyuma ya ulimi ili usirudi, na rilei inabaki kwenye ndiyo. Umeme ukipona, unakitoa. Kwenye rilei nyingine hilo lilikuwa jambo la kila siku. Kwenye ile ya kifuniko Ramazani alikuwa amekataza. Aliandika juu yake kwa rangi nyeupe: HAPANA ALUMETI, yaani kijiti cha kiberiti marufuku.

Kabati lilikuwa na ufunguo mmoja, wa kwake. Lakini mimi alinichongea wa pili kwa siri, ili nisimtafute kiwanda kizima kila fyuzi inapokatika. Alinipa akiwa ameufunga katika karatasi ya peremende. “Minye nakuamini weye,” alisema. “Wale wengine wataingia mule kuficha viatu.”

Asubuhi ile nilikuwa na mimba yako ya miezi sita na miguu imevimba. Umeme ulikuwa chini tangu zamu ilipoanza, na mkanda wa pili ulikuwa umesimama mara tano. Mara ya sita sikumwita Ramazani. Nilijua angesema hapana. Nilifungua kabati kwa ufunguo ule, nikatoa kijiti katika kiberiti changu cha nyumbani, nikakisukuma chini ya maandishi yake meupe. Nilijiambia ni kwa nusu saa. Mkanda ukatembea vizuri. Nikakaa, nikapandisha miguu juu ya kiti cha pili, ukanipiga teke moja tumboni, nikacheka. Nusu saa ikapita nikasahau. Nimetafuta miaka yote neno zuri kuliko hilo, sijalipata. Nilisahau.

Kwenye saa nne umeme ukakatika kabisa na kiwanda kikanyamaza. Mafundi huwa wanatumia nafasi kama hiyo. Ramazani akapanda kwenye mkanda wa pili, akafungua kifuniko chake, akaanza kutoa jiwe lililokwama. Sikumwona, chumba changu hakikuwa na dirisha upande ule. Umeme ukarudi. Nikapiga king'ora, nikahesabu kama inavyotakiwa, nikatazama taa ya kifuniko. Ilikuwa ya kijani. Ningeshangaa nini? Mimi ndiye niliyekuwa nimeifundisha kusema hivyo. Nikabonyeza.

King'ora alikisikia. Aliwaambia hivyo waliomchukua. Hakutoa mkono kwa sababu kifuniko kilikuwa wazi, na waya zile alizifunga yeye mwenyewe, na alijua mkanda hauwezi kutembea.

Sitakuandikia sauti niliyoisikia.

Alikuwa bado hospitalini wakati walipofungua kabati kwa ufunguo uliotoka katika mfuko wa suruali yake, wakakikuta kijiti. Siku mbili baadaye waliniita. Walikuwa wanaume watatu nyuma ya meza, na mmoja alikuwa akiandika.

“Maman, nani iko na ufunguo ya kabati?”

“Papa Ramazani.”

“Ni yeye peke yake?”

Nikanyamaza. Nilitazama tumbo langu na vidole vyangu kumi vilivyokaa juu yake. Nilikuwa na neno mdomoni, Kapinga, neno moja fupi, na mdomo haukufunguka. Yule mwenye kalamu akasubiri kidogo, kisha akaandika. Mkubwa wao akaniambia kwa huruma, “Usiogope, Maman, haiko weye tunatafuta. Enda ulale.” Nikaenda. Ramazani akafukuzwa akiwa bado amefungwa bandeji. Walisema fundi aliyeshinda mashine yake mwenyewe kwa kijiti hana wa kumlaumu.

Ufunguo wangu niliutupa chooni.

Kabla yeye na mke wake hawajahamia Lubumbashi alikuja kuniaga. Alisimama pale mlangoni, mkono ukiwa mweupe na mnene kama mkate, hakutaka kukaa.

“Ntumba, ile asubuhi, uliona muntu ku kabati?”

“Sikuona muntu.”

Ni kweli sikuona mtu. Mtu hajioni akiwa amegeukia kabati. Niliichagua sentensi ile kwa uangalifu, nikaisema kwa adabu, kama nilivyofundishwa, na katika maisha yangu sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ukweli ule. Aliangalia tumbo langu, akatikisa kichwa. “Bon,” alisema. “Uzae muzuri.” Habari ya ufunguo wa pili hakuitaja, si siku ile, si mbele ya wakubwa, si mpaka leo.

Nilijifariji miaka mingi kwamba hajui. Lakini funguo zilikuwa mbili, mmoja wake na mmoja wangu, na yeye alijua hakuweka kijiti. Mtu aliyeniwekea lango lile hahitaji kalamu kumaliza jedwali la mistari miwili.

Mama Zaina alianza kuuza makala, yaani makaa ya kupikia, barabarani kabla hawajapata gari la kuhamia Lubumbashi. Nilikuwa nikipita kwake kila siku kununua, hata siku ambazo makala yetu yalikuwa yamejaa. Niliona nafanya wema. Aliniongezea vipande, akaniuliza habari za mimba. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akiniuliza makala yote haya ni ya nini, na amekufa bila kujua.

Sasa kuna siku moja wewe unaikumbuka. Ulikuwa na miaka kumi. Ramazani alikuja huku Likasi kwa matanga, akalala kwetu, na kwenye mkoba wake alikuwa na ule ubao mweupe wa matundu aliokuachia, betri, vitaa, na chipu mbili za zamani alizotoa katika mashine mbovu. Mlikaa ukumbini mchana wote. Mimi nilikuwa pembeni natwanga sombe, majani ya muhogo. Alikuonyesha lango la kwanza: waya mbili zikienda kwenye ndiyo, kitaa kinawaka. Kisha waya mmoja ukakuponyoka, ukaning'inia hewani, na kitaa kikaendelea kuwaka.

“Papa, ule waya haufungwe popote! Juu ya nini inawaka?”

“Ah, umeona? Wengi mu shule hawaone ile. Mguu wa chipu kama haujafungwa, weye unafikiri unasema hapana. Bongo, ni uongo! Haujasema kintu. Na hii ya zamani, ukikaa kimya inasoma ndiyo.”

“Ni mujinga, basi, hii chipu.”

“Haiko mujinga. Ni weye haukuiambia. Kama unataka hapana, funga waya ku hapana. Usiiache na kimya.”

Mchi ukasimama mkononi mwangu. Sijui kama alisema vile kwa ajili yako tu. Hakugeuka kunitazama. Lakini mimi niliona ile kalamu tena, ikisubiri kidogo kisha ikiandika. Miaka yote nilikuwa nikijitetea kwamba sikumshtaki mtu, kwamba nilinyamaza tu, kama vile kunyamaza ni sifuri. Na mtoto wa miaka kumi alikuwa ameona kwa macho yake kwamba si sifuri. Ningeweza kusema pale pale. Nikatwanga.

Na baadaye nikafanya kibaya zaidi. Ulikuwa na miaka kumi na tatu, ulifungua pasi ya nguo bila kuichomoa ukutani, nikakukuta nikashikwa na hofu, nikapiga kelele: “Unataka kuwa kama Papa Ramazani? Alitia kijiti pahali alijua haifai, ona mukono yake!” Mpaka siku ile nilikuwa nimenyamaza tu. Siku ile niliusema uongo kwa kinywa changu, nikaufanya somo, nikakupa wewe uubebe. Ulilishika vizuri, kama unavyoshika kila somo.

Alhamisi iliyopita tulikuwa tunakula bukari, ugali wetu, na samaki wa ziwa Tshangalele, ukasema, “Maman, kule kwa Papa Ramazani, mbele nilale, nitaangalia kwanza mu kila prise ya umeme ku ukuta kama hajatia vijiti vya alumeti!” Ukacheka mpaka ukakohoa. Na mimi nikacheka pamoja nawe. Kapinga, nilicheka. Kisha nikaona picha yako ukiwa mezani kwao, mnakula, naye anakutania juu ya profesa wako, nawe kwa kutaka kumchekesha unalitoa neno hilo mbele yake na mbele ya Mama Zaina. Tangu Alhamisi hiyo sijala vizuri.

Katika karatasi yako nimeona kwamba baada ya Krismasi mtafika kwenye saketi zinazokumbuka. Mpaka hapo malango yenu yatakuwa yanajibu kile tu yanachoulizwa sasa hivi. Kisha profesa atachukua malango mawili na kuyafanya kila moja limpe mwenzake jibu lake, na neno lililosemwa mara moja litabaki linazunguka humo hata baada ya mkono uliolisema kuondoka. Hapo ndipo nilipoipenda kazi ile zaidi. Tulikuwa na rilei iliyojishikilia yenyewe hivyo. Unagusa kitufe mara moja, unaenda zako, nayo inabaki imeshika. Haichoki. Haiachii kwa sababu muda umepita. Inaachia mtu akija kubonyeza kitufe cha kuachia, basi. Nilikuwa nafundisha wageni jambo hilo kila wiki, na bado niliamini kwamba miaka ingenifanyia kazi hiyo ya kuachia.

Ukifika kwenye majedwali, uandike mistari yote. Ukiona mmoja unajiambia huu hauwezi kutokea, ujiulize ni nani atakuwa ameweka mkono pale siku utakapotokea. Na taa ya kijani ikiwaka, jua kwamba inakuambia tu kile ilichoambiwa. Zaidi ya hapo sina la kukufundisha kuhusu somo lako; chipu zenu zina mambo ambayo sitayajua. Utanielezea.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na mpango. Ningeitia barua hii katikati ya nguo zako. Ungeikuta njiani au ukifika, ungeisoma peke yako, na ungeamua mwenyewe umwambie au usimwambie. Niliona huo ni ukweli. Sasa nimezisoma upya kurasa za kwanza na nimeona ninachofanya. Ningekuwa nimekutuma wewe, mwenye miaka kumi na minane, ukalale katika nyumba yao na siri yangu, ule chakula cha Mama Zaina ukiwa umeishika kooni. Ningekuwa nimemwekea mtu mwingine kitu changu mara ya pili.

Kwa hiyo nimeiacha kalamu nikampigia simu Papa Ramazani. Ninakuandikia yote kama yalivyokuwa, ili usije ukafikiri nilikuwa shujaa.

“Mama Kapinga! Mutoto ametoka?”

“Bado. Ni kesho. Papa, minye nitakuya naye.”

“Weye? Weye hata ku Panda unaenda na kulalamika! Kuko nini? Unaogopa atapotea?”

“Hapana. Niko na neno ya kukuambia. Ni ya ile asubuhi.”

Nyuma yake nilisikia redio, kisha mtu akaizima. Nikataka kukata simu. Nikataka kusema ni kuhusu kitu kingine. Nilishika simu kwa mikono miwili.

“Mama Zaina,” akasema mwishowe, taratibu, “nimutume soko saa ile mutafika?”

“Hapana, Papa. Abakie. Asikie naye.”

“Atakasirika sana, Ntumba.”

Hakuuliza ni neno gani. Aliniita Ntumba, kama zamani, kabla sijawa mama wa mtu.

“Najua.”

“Kuya,” akasema. “Mutoto alete ubao yake.” Na simu ikakatika, sijui ni yeye aliyeikata au ni mtandao.

Kwa hiyo kesho tutapanda basi wawili. Nitasema kabla hujashusha begi lako. Papa Ramazani labda amekwisha kunisamehe, labda hapana. Hilo nitalijua kesho. Mama Zaina hajui kitu, na ana haki ya kufunga mlango wake. Akiufunga, utafungwa mbele yako wewe ambaye hukufanya lolote isipokuwa kunipiga teke asubuhi ile. Sina chumba kingine cha kukupa. Binamu yangu wa Katuba, hukohuko Lubumbashi, amekubali ulale kwake wiki mbili, pamoja na watoto wake sita, na kutoka kwake hadi chuo ni mbali. Baada ya wiki mbili sijui. Inawezekana kwamba kwa kusema ukweli nitakunyima mwaka wako wa kwanza. Nimeligeuza jambo hili kila upande tangu Alhamisi, na kila upande lina mtu anayelipa kwa ajili yangu. Ningependa liwe na upande ambao ni mimi tu. Haupo. Nimechelewa miaka kumi na tisa, na upande huo ulikuwepo siku ya kwanza tu, mbele ya wale wanaume watatu.

Una ruhusa ya kunikasirikia. Usinihurumie haraka, na usinitetee kwao. Ukitaka kukaa kiti cha mbali nami katika basi, nitaelewa. Nakuomba kitu kimoja tu: chochote kitakachotokea mlangoni pale, Jumatatu ijayo uende darasani, hata kama utatoka Katuba kwa miguu. Usiliache somo lile kwa sababu yangu. Ulizaliwa kwa ajili yake. Nilikuona ukumbini, na miaka yako kumi, ukibishana na chipu.

Nasikia sauti yako barabarani, unacheka na mtu. Ingia, unywe maji kwanza. Kisha ukae kitandani, nitakupa kurasa hizi mkononi, na sitatoka chumbani mpaka umemaliza kusoma.

Mama yako,
Ntumba